Risaga ya Pasi

Miaka ile ya sitini, mtu aliyepanda kutoka barabara ya Nyaramba siku ya Ijumaa jioni aliisikia Misheni ya Ensoko kabla hajaiona. Kwanza ilimjia tu-tu-tu-tu ya injini, kama moyo wa mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Halafu, juu ya mlio huo, sauti ya mwanamume anayegomba.

"Nani huyo amewasha pasi huko juu? Nasema nani? Zamu ya juu imekwisha!"

Huyo alikuwa Ogari, mwangalizi wa injini ya umeme. Alikuwa akisimama mlangoni mwa kile chumba cha mawe kando ya kijito, kitambaa chenye mafuta begani, na kuinua kidevu kuelekea nyumba za walimu kana kwamba anaona ndani ya kila chumba. Kumbe hakuona kitu, alisikia tu! Injini ikiongezewa pasi moja ilishusha sauti kidogo sana, na kushuka huko kulimfikia hata akiwa anakula.

Kugomba kulikuwa kazi yake ya pili. Aliwagombeza kuku waliotaga nyuma ya mapipa ya dizeli. Aliigombeza mvua. Alimgombeza mkewe Bitutu kwa kuacha taa ikiwaka chumba kisicho na mtu, na Bitutu alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu wangu siku mkisikia amenyamaza, leteni jeneza."

Lakini ukitaka kujua kwa nini aligomba zaidi Ijumaa kuliko siku nyingine, ni lazima uijue Ensoko ilivyokuwa. Palikuwa na hospitali. Palikuwa na shule yenye mabweni, kanisa, na nyumba za walimu na wauguzi katika safu mbili, safu ya juu karibu na migomba ya mchungaji na safu ya chini karibu na uwanja. Kote huko umeme ulitoka kwa injini moja, iliyokuwa imefanya kazi mahali pengine ikazeeka kabla ya kuletwa mlimani. Iliweza kubeba hospitali. Iliweza kubeba mabweni, au safu moja ya nyumba. Kuvibeba vyote pamoja haikuweza. Ogari alisema injini ni kama punda: hakuambii kwamba umemzidishia, utaona tu amelala chini na mzigo wako umo matopeni.

Na watu wa Ensoko walikuwa Waadventista. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na kazi zote zimekoma. Chakula cha kesho kiwe kimepikwa, viatu viwe vimeng'arishwa, nguo ziwe zimepigwa pasi. Kwa hiyo Ijumaa, jua likianza kuinamia upande wa ziwa, kila nyumba ilikumbuka pasi yake. Saa hiyo hiyo hospitali ilikuwa inawasha taa za jioni, na jiko la umeme la kuchemshia vyombo vya upasuaji lilikuwa likinguruma. Sehemu nyingine watu huhitaji umeme kwa wingi wakitoka kazini. Ensoko waliuhitaji kwa kumcha Mungu, wote kwa pamoja, kabla mlango haujafungwa.

Zamani kila Ijumaa taa zilififia zikawa nyekundu kama macho ya mlevi, halafu giza. Ndipo jioni moja, baada ya maombi, Ogari akasimama kanisani, yeye ambaye hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu.

"Ndugu zangu," alisema, "nyinyi mnaniua."

Mwalimu Andrew Onyancha, aliyekaa safu ya chini na kupenda mzaha hata mahali pasipofaa, akauliza, "Ogari, unataka kutuambia Mungu anapenda nguo zilizokunjamana?"

"Habari ya Mungu muulize mchungaji. Mimi nakuambia habari ya injini."

Watu wakacheka. Ogari akangoja wamalize, akaendelea. "Kwetu Magwagwa, mtu akiwa na shamba kubwa la wimbi hapalilii peke yake. Anaita risaga. Majirani wote wanaenda kwake leo, kesho wanaenda kwa mwingine, keshokutwa kwa mwingine. Mimi sijaona hata siku moja majirani wote wakitaka kupaliliwa asubuhi moja. Sasa mbona pasi tunataka sote saa moja? Tufanye risaga. Safu ya juu wapige pasi mchana. Nitatundika rimu ya gurudumu; nikiigonga, waache, safu ya chini waanze. Nikigonga tena, zote zizimwe, umeme ubaki wa wagonjwa."

Risaga kila mtu aliijua. Ni jambo ambalo mtoto wa Mgusii anazaliwa nalo: leo jembe langu kwako, kesho lako kwangu. Mama Tryphosa, mke wa mchungaji, ambaye neno lake safu ya juu lilikuwa kama la mumewe kanisani, alisema kutoka upande wa wanawake, "Hilo ni neno jema. Risaga ya pasi." Na jina likashika.

Ogari akatundika rimu ya lori mlangoni mwa chumba cha injini, na miaka ikapita. Rimu ikilia, safu ya juu walichomoa plagi. Wakichelewa, waligombezwa. Taa za Ijumaa zikaacha kufa, na watu wa Ensoko wakaanza kujivuna kwa wageni kuhusu risaga yao kama wengine wanavyojivunia kinanda.

Nyumba ya Ogari haikuwa katika safu yoyote. Ilijengwa nyuma ya hospitali, na waya wake ulitoka kwenye waya wa hospitali, kwa makusudi. Taa yake ikififia, alijua kwamba ya wagonjwa imefifia pia, akatoka mbio. Bitutu alikuwa na pasi ya umeme, zawadi ya muuguzi mmoja mzungu aliyerudi kwao, lakini aliitumia Jumatano tu, mchana, wakati injini haina kazi kubwa. Ijumaa hakuigusa. Wanawake walimtania, "Mke wa umeme, mbona wewe hupigi pasi na wenzako?" Naye aliwajibu, "Mke wa mpishi hula mwisho."

Utani mwingine haukuwa wa kucheka. Bitutu na Ogari walikuwa wameoana siku nyingi na hawakuwa na mtoto. Kwa Wagusii mwanamke akishazaa jina lake la kwanza huwekwa pembeni. Anaitwa Ng'ina fulani, mama wa fulani, na mumewe Ise fulani, baba yake. Wao walibaki Ogari na Bitutu, majina matupu kama vyungu visivyopikiwa. Ndugu zake Ogari walikuja kutoka Magwagwa zaidi ya mara moja kumwambia aoe mke wa pili. Aliwagombeza hadi wakasahau kunywa uji wao.

Mwaka wa makambi makubwa, ile mikutano ya ibada ya mahemani, Bitutu akashika mimba. Na mimba haikungoja miezi yake. Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo, mdogo sana, mguu wake mzima haukuzidi kidole cha Ogari. Nesi Esnah, mkuu wa wadi ya wazazi, alimfunga kwenye pamba na kumweka katika sanduku.

Sanduku hilo lilikuwa kitu cha kushangaza. Fundi seremala wa hospitali alilitengeneza kwa mbao za msonobari, kifuniko cha kioo, na chini yake, chini ya sakafu yenye matundu, balbu zilizowaka mchana na usiku. Ndani palikuwa na bakuli la maji ili hewa isikauke. Hizo balbu hazikuwa za kumulika. Zilikuwa za joto. Fikiria mtu anayetunzwa na taa, kama yai linavyolaliwa na kuku!

Ogari alimpa jina la mama yake aliyekufa, Nyaboke, kama ilivyo desturi ya kuwarudisha waliotangulia. Na siku hiyo hiyo Nesi Esnah alipompita kwenye ukumbi wa hospitali alisema, bila kufikiri, "Ise Nyaboke, pisha kidogo." Ogari hakupisha. Alisimama palepale ukumbini, kitambaa chake begani, hata Esnah ikabidi amzunguke.

Tangu hapo mshale wa volti kwenye ubao wa swichi haukuwa tena mshale wa volti. Ukipanda, Nyaboke amepata joto. Ukishuka, Nyaboke anahisi baridi. Ogari alihamishia chakula chake chumba cha injini. Akigonga rimu, aligonga kama mtu anayefukuza chui.

"Mtoto anaendeleaje?" Mwalimu Andrew alimuuliza asubuhi moja alipokuja kuchota maji ya kijito.

"Ameongezeka. Juzi alikuwa kama panya. Leo ni kama sungura."

"Basi kufika makambi atakuwa ndama."

"Wewe Andrew, hata ukifa utamtania mchimba kaburi," Ogari alisema, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Hakuna aliyewahi kuona meno yake mengi hivyo.

Bitutu aliruhusiwa kurudi nyumbani, ila kila baada ya muda alivuka ua kwenda wadini, akakamua maziwa, akayatia kidogo kidogo mdomoni mwa mtoto kwa kijiko. Nesi Esnah alisema wiki chache tu zinatosha. Akiongeza nyama mashavuni, atatoka sandukuni aende kwenye kifua cha mama yake. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu: balbu zisizimike.

Ndipo makambi yakaja. Mahema yalisimama uwanjani, watu wakafika kutoka Manga, kutoka Magwagwa, kutoka vilima ambavyo majina yake hata Ogari hakuyajua, na kila nyumba ya misheni ikajaa wageni. Mvua nayo ikaja. Haikuwa ile ya alasiri inayonyesha ikaondoka. Hii ilianza Jumatano ikakaa kama mgeni asiyeona haya. Nguo zilizofuliwa zilining'inia jikoni, verandani, hata juu ya viti, na zikakataa kukauka. Mchana wa Ijumaa, zamu ya safu ya juu ilipofika, Ogari alisikiliza. Injini haikushusha sauti. Hakuna aliyekuwa na nguo ya kupiga pasi. Zote zilikuwa zikichuruzika.

Baadaye, jua likiwa limebakiza kipande kidogo nyuma ya mawingu, alimwona Mama Tryphosa akishuka njia ya matope na jani la mgomba kichwani, Mwalimu Andrew nyuma yake.

"Ogari, mwanangu," alisema Tryphosa, akihema. "Tumekuja kukuomba."

"Mama, ingia ndani, unalowa."

"Siingii. Nikiingia utanizungusha na maneno. Nina wageni chumba kizima, na nguo zao ndiyo kwanza zimeacha kudondosha maji. Safu ya chini vilevile. Zamu haitatosha, jua halitungoji. Turuhusu leo tu, safu zote mbili pamoja. Kidogo tu, nguo za kuingilia Sabato."

"Na mimi najua unachofikiria," Andrew aliongeza, na mara hii hakutania. "Sote tunajua kuna mtoto. Ukisema hapana, tutavaa mbichi."

Ogari aliangalia mshale. Akaanza kupanga kichwani. Karakana ya shule angeifungia umeme. Pampu ya maji angeizima. Mabweni yangekaa gizani hadi sala. Hospitali ilikuwa na waya wake na fyuzi yake. Safu mbili za nyumba zingeielemea injini, ndiyo, lakini kwa muda mfupi ingevumilia, na ikilia sana angekata safu moja mara moja. Alikuwa na swichi mkononi. Na huyu aliyesimama mvuani ndiye mama aliyemletea Bitutu uji wa wimbi kila siku tangu ajifungue. Utamwambiaje hapana?

Kila kitu alikipanga. Nyumba yake mwenyewe hakuipanga, kwa sababu nyumba yake Ijumaa haikupiga pasi.

"Haya," alisema. "Lakini rimu ikilia, hata kama kola imebaki, chomoeni."

"Mungu akubariki, Ise Nyaboke," Mama Tryphosa alisema, na akarudi mlimani akikimbia, hata kwa umri wake ule.

Injini ilishusha sauti, ikashusha tena, ikawa inakoroma. Ogari aliiongezea dizeli, mkono mmoja kwenye swichi za safu, jicho kwenye mshale. Ulitetemeka, ukainama, ukakaa. Inabeba, alijiambia. Punda anabeba. Mvua ilikuwa ikipiga bati na yeye alikuwa anakaribia kutabasamu.

Halafu, kwenye ubao, pu! Mlio mdogo kama wa punje ya mahindi kikaangoni. Haikuwa fyuzi ya safu ya juu wala ya safu ya chini. Ilikuwa ya hospitali.

Aligonga rimu kwa nguvu zake zote. Alikata safu zote mbili. Akafunga waya mpya kwenye fyuzi ya hospitali, waya mwembamba, kwa kuwa ule mnene ulikuwa umekwisha, akaipachika. Pu! Akafunga mwingine. Pu! Mikono yake, ambayo ilifahamu fyuzi ile kama kijiko chake cha kulia, ilianza kuteleza.

Akakimbilia hospitalini. Wadi ilikuwa na giza la jioni. Nesi Esnah alikuwa ameketi kando ya sanduku, vifungo vya gauni lake vimefunguliwa, na Nyaboke yumo ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi, shuka mbili juu yao.

"Ise Nyaboke, sanduku limepoa. Rudisha."

"Zimeni jiko la vyombo."

"Tulilizima taa zilipokwenda mara ya kwanza. Na maji ya moto yaliyobaki nimeyatia chupani, hii hapa mgongoni mwake. Sina mengine."

Ogari aligeukia mlango. Kama jiko limezimwa, ni nini kinachoula umeme? Akawaza mvua. Labda waya umeangukia majani ya migomba, umeme unamwagikia mtini. Akatoka akaufuata waya juu, nguzo kwa nguzo, uso ameuinua mvuani, maji yakimwingia machoni. Nguzo ya kwanza nzima. Nguzo ya jiko la wagonjwa nzima. Waya ukapinda nyuma ya hospitali, na yeye akapinda nao, akitazama juu tu, hata akajikuta amegonga kitu kwa goti. Kilikuwa kigoda mlangoni mwa nyumba yake.

Aliingia. Juu ya meza, juu ya blanketi lililokunjwa, pasi ya umeme ilikuwa imesimama, plagi iko ukutani. Bitutu alikuwa amekaa karibu nayo, na mapajani mwake palikuwa na nepi, rundo dogo la nepi nyeupe, nusu zimekauka na nusu mbichi.

"Kwani umeme umekwisha?" aliuliza. "Esnah amesema wadini hakuna hata kitambaa kimoja kikavu cha mtoto. Nikasema nizikaushe kwa pasi, dakika kidogo tu, nikimbie nazo. Ulikatika nikiwa na ya tatu. Nikaacha plagi, nangoja urudi."

Ogari aliiangalia pasi. Akamwangalia mkewe. Akavuka chumba, akashika plagi, akaichomoa polepole, kama mtu anayemwondoa mtoto aliyelala kwenye mkono.

"Utarudi," alisema. "Ni mvua."

Akatoka.

Fyuzi mara hii ilishika. Balbu za sandukuni zikawaka, Nesi Esnah akamrudisha mtoto ndani, na muda si muda kengele ya kanisa ikalia, jua limezama, Sabato imeingia. Uwanjani makambi yakaanza kuimba. Ogari alikaa kando ya injini. Ilikuwa inaenda vizuri, nyepesi, haina mzigo.

Usiku kucha Nyaboke alipumua kama mtu anayepanda ngazi. Asubuhi ya Sabato, watu wakiwa katika wimbo wa kwanza, aliacha. Bitutu alikuwa amemshika. Daktari alisema mapafu yake yalikuwa bado machanga, kwamba labda hata kama umeme usingekatika angekwenda. Labda. Ogari alilichukua neno hilo akaondoka nalo, na hakulipata mahali pa kuliweka tena maishani mwake.

Sabato hawaziki. Walimzika Jumapili, Magwagwa, karibu na bibi yake aliyempa jina. Watu wa Ensoko walienda karibu wote, kwa miguu, matope hadi magotini. Na kaburini ndipo Ogari aliona jambo lililomfanya ainamishe uso. Mama Tryphosa alikuwa amevaa gauni lililokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Mchungaji koti lake limekunjamana. Mwalimu Andrew, mtu wa mikunjo ya suruali iliyonyooka kama rula, shati lake lilikuwa limejikunyata lote. Safu ya juu, safu ya chini, waume kwa wake, wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga pasi.

Mama Tryphosa alimshika mkono. "Ni sisi, Ogari. Mimi ndiye niliyeshuka kukuomba. Ni pasi zetu zilizomzima mtoto."

Hapo alitakiwa kusema. Neno lilikuwa mdomoni: Mama, si zenu, waya wenu ni mwingine. Lakini angelisema, lingefuatwa na la pili: basi ni pasi ya nani? Na Bitutu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, mikono imekunjwa juu ya tumbo kana kwamba bado kuna kitu ndani. Ogari akanyamaza. Akawaachia watu wema mzigo usiokuwa wao, mbele ya kaburi, akausikia ukiwakalia.

Baada ya hapo Ensoko hawakuhitaji kugongewa rimu. Walihamishia pasi zote Alhamisi, bila mkutano, bila mtu kusema. Ijumaa jioni injini ililia peke yake, na taa za hospitali zilisimama imara kuliko wakati wowote. Mtu angetaka kusema ilikuwa ushindi, maana ndicho alichokuwa amekipigania miaka yote. Lakini hakuna aliyemsikia Ogari akigomba tena. Kuku walitaga nyuma ya mapipa, hakuwaambia kitu. Wageni waliopanda kutoka Nyaramba walisikia tu-tu-tu na basi.

Majina nayo yakawa taabu. Wengine waliendelea kuwaita Ise na Ng'ina Nyaboke, wengine waliona ni kutonesha kidonda, wakarudi kwenye majina ya zamani. Nyumbani wao wenyewe hawakuitana lolote. "Chakula kiko tayari." "Nakuja." Pasi ya umeme Bitutu aliifunga ndani ya zile nepi, akaiweka chini ya kitanda, na mtoto mwingine hakuja.

Miaka ya sabini ilikuwa imekwenda mbali wakati nguzo zilipofika mlimani, zimebeba umeme mkubwa kutoka mjini Kisii. Vijana wa nguzo walisema sasa mnaweza kupiga pasi wote, siku yoyote, saa yoyote, na bado utabaki. Ogari alisikiliza kwa adabu. Alitazama waya ule mnene, akashangaa jinsi kitu kilichochelewa kinavyoweza kuja kimenenepa hivyo.

Injini walimwachia aizime mwenyewe, Ijumaa moja. Alifunga dizeli. Tu-tu-tu ikawa tu, tu, halafu ikasikika sauti ya kijito peke yake. Alifuta mshale wa volti kwa kitambaa chake, akautazama ukiwa umelala kwenye sifuri, akaenda nyumbani.

Bitutu alikuwa ameweka uji mezani. Walikunywa. Jua lilikuwa likiinamia ziwa, na saa yake ilipofika, Ogari alisimama bila kujua kwamba amesimama, miguu tayari inaelekea mlangoni, kwenye rimu.

"Keti," Bitutu alisema. "Hakuna cha kugonga."

Akaketi.

"Nilijua," Bitutu alisema. Alikuwa akiangalia kikombe. "Nilijua siku ileile."

"Ulijua nini?"

"Ulichomoa plagi na hukunigombeza. Wewe, unayegombeza hata mvua! Nikajiuliza, ni jambo gani hili kubwa hata limemnyamazisha Ogari? Nikaangalia pasi. Nikajua."

Ogari alisogeza kikombe chake pembeni.

"Niliona unataka kunificha, nikakuacha unifiche, nilidhani ndicho kinachokusimamisha. Lakini wale waliojilaumu pale kaburini sikuweza kuwaacha na mzigo wangu. Arobaini haikuisha kabla sijaenda kwa Mama Tryphosa kumwambia, ni pasi yangu. Akalia, akaniambia yake pia ilikuwa ya moto siku hiyo, anayejua ni ya nani ni Mungu peke yake. Akawaambia wengine wasikuambie kwamba wanajua."

"Wote?"

"Wote. Andrew pia. Kwani hujaona hakutanii tena?"

Nje watu walikuwa wakifunga milango ya majiko kabla ya Sabato. Ogari aliweka viganja vyake mezani, vile viganja vyeusi ambavyo mafuta hayakutoka hata kwa majivu. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama mbele ya mlango, akiulinda, kumbe ndani hapakuwa na mtu. Wote walikuwa nje pamoja naye, mvuani.

Bitutu aliinama, akavuta lile furushi kutoka chini ya kitanda, akaliweka mezani kati yao. Nepi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyelifungua.

Taa mpya ikawaka juu ya vichwa vyao, nyeupe, haitikisiki. Ogari aliitazama muda mrefu, kama mtu anayengoja ififie.

"Ng'ina Nyaboke," alisema mwishowe. Jina hilo lilitoka kwa shida, kama mlango uliovimba kwa unyevu.

"Ee."

"Umeacha taa ikiwaka kule chumbani, na hakuna mtu."

Bitutu alijifunika uso kwa kanga yake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mumewe, ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa, hakuweza kujua kama analia au anacheka. Akainuka, akaenda kuizima.